Bwana Marhoon na Kisima cha Sheikh Thani

Bi Kheiria, jirani yangu hapa Al Khuwair, aliniuliza siku moja tukichambua mchele: "Hivi huyo Bwana Marhoon unayemuombea dua kila Ijumaa, alikuwa nani hasa? Sheikh?"

Nikamwambia hakuwa sheikh. Alikuwa mfanyabiashara wa karafuu Unguja, enzi za Mwingereza, na ofisi yake mtaa wa Malindi, makarani wamevaa tai. Mwaka 1964 akafika Matrah, huku Omani, na mkewe Mahfoudha na sanduku moja la nguo. Alhamdulillahi, roho zao walikuja nazo. Akafungua kiduka cha sukari na vitambaa, akawa anapima mwenyewe kwa mikono ile iliyozoea kutia saini tu. Sikupata kumsikia akinung'unika.

Mtaa wetu wote tulikuwa watu wa kutoka Unguja, na kisima hatuna. Kilichokuwa karibu ni cha Sheikh Thani, mwenye mitende, na msimamizi wake alitufukuza: "Nyie Wazinjibari, ngojeni mvua ya kwenu!" Ikabidi twende bondeni, mbali, jua linachoma. Mwanangu Nasriya alikuwa mchanga, na kwa mwendo ule maziwa yalikuwa yakinikauka.

Bwana Marhoon akaenda kwa Sheikh kutuombea. Mume wangu, Ishaq, alifuatana naye. Wakakaribishwa, wakala halua, ikaja kahawa. Bwana Marhoon, kwa adabu zetu za Unguja, akainywa yote, akaisifu, ndipo akaanza kueleza.

Sheikh Thani akacheka. "Mtu wa karafuu, ushachelewa! Huku kwetu mwenye haja huweka finjani chini, hanywi mpaka akubaliwe. Wewe umekunywa, basi umekuja kunisalimia tu. Haya, zawadi ya salamu yako: nyumba yako ichote. Yako peke yake."

Mtaani walimcheka mpaka wakachoka. "Kaiuza shida yetu kwa funda la kahawa!"

Asubuhi yake tukamwona Mahfoudha na mtungi wake, yuko nasi njia ya bondeni. Nikamuuliza, "Dada, si nyie mmeruhusiwa?"

"Bwana kasema hatunywi maji ambayo jirani hayapati."

Vicheko vikakatika. Baada ya sala ya Alasiri wanaume wakamchagua awe msemaji wa mtaa. Hata serikali mpya ilipokuja mwaka 1970, mbele ya liwali ni yeye aliyekuwa akitusemea, na hakupata kuanza na lake.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kurudi kwa Sheikh Thani, na Ishaq tena pamoja naye. Safari hii finjani akaiweka chini. Sheikh akazungumza habari za mitende, akazungumza bei ya samaki Quriyat, kahawa ikapoa pale pale. Na mgeni akiondoka hajanywa, kwa Waomani ni aibu ya nyumba nzima.

"Kunywa, Marhoon," akasema Sheikh mwishowe. "Haja yako imekubaliwa."

"Hujaisikia, Sheikh."

"Nshakubali, wallahi. Isije ikasemwa mgeni katoka kwangu na koo kavu. Haya, sema."

Bwana Marhoon akasema: "Naomba kila nyumba ya mtaa wetu ichote maji kisimani kwako, na wanaonyonyesha watangulie."