Dervla, kitabu cha bluu na mkate wa Murty

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Dervla Considine anasukuma mlango wa nyuma kwa kiwiko. Mkononi ana maziwa ya mtindi, kwapani kitabu kinene chenye jalada la bluu.

"Leo ndiyo siku ya mkate, binti," anasema mzee aliyeketi karibu na jiko, kabla hata ya salamu. "Usije ukaruka ukurasa."

"Mara ya tatu hii, mzee. Si umeshakariri?"

"Soma wewe. Kukariri niachie mimi."

Dervla, 53, ni mhudumu wa wazee majumbani, hapa Clare, magharibi mwa Ireland. Kwa siku huzunguka nyumba sita, kila moja dakika arobaini na tano: kuosha, kuvisha, kulisha, kuondoka. Analipwa euro kumi na tano kwa saa, na mgongo umeshaanza kumlalamikia.

Aliyemtoa jasho kuliko wote ni huyu, Murty Hehir, 86, mfugaji ambaye hakuoa. Februari alirudi kutoka hospitali na akaacha kula. Supu, viazi, samaki, vyote alivitazama tu. Muuguzi alipompima alikuwa na kilo 49. Akasema Ijumaa inayofuata zikishuka chini ya 48, mzee atapelekwa kwenye makao ya wazee mjini. Murty alizaliwa katika nyumba hii, na wote walijua kwamba akitoka hatarudi tena.

"Nilimbembeleza, nikamfokea, nikaenda kulia garini," anasema Dervla. "Mwisho nikatoa kitabu changu nikaanza kusoma kwa sauti. Hasira tu. Nilitaka dakika zangu ziishe."

Ni aina ya vitabu anavyovipenda tangu usichana: mapenzi ya enzi za magari ya farasi, wachawi wasomi waliovaa glavu, na wale viumbe wazuri wa kutisha wanaoishi chini ya vilima na kuiba wasichana wa watu. Katika hiki, mwaka 1811, wanamchukua Honora, binti wa mshona nguo. Mchawi kijana kutoka Dublin anayempenda anaapa kumrudisha.

"Dada zangu wananicheka. 'Mtu mzima na majini yako!' Lakini niambie, wapi pengine mwanaume anapasua kilima kwa ajili ya mwanamke mmoja? Huku kwetu hata barabara hawavuki."

Murty alimkatiza siku ile ile ya kwanza. "Usiwataje kwa jina ndani ya nyumba yangu! Sema 'wao', inatosha." Basi Dervla akasoma "wao" hadi sura ya kumi na tisa, ambapo Honora ameketishwa mbele ya meza iliyojaa vinono na hagusi kitu. Anayekula chakula cha 'wao' harudi tena nyumbani.

Ilikuwa Alhamisi, siku moja kabla ya mizani. Dervla aliinua macho akakuta mzee analia.

"Huyo msichana ana akili," Murty alisema. "Mimi nilikula."

"Ulikula nini? Wapi?"

"Kule hospitali. Siku kumi na moja nimekula chakula cha watu nisiowajua. Unadhani niliyerudi hapa ni mimi mzima?"

Hapo ndipo Dervla alipoelewa. Wiki zote hizo wote walidhani ni ukaidi wa uzee, kumbe mzee wa watu alikuwa bado hajafika nyumbani.

Hakubishana naye. Aliendelea kusoma mpaka mchawi akaingia kilimani na kipande cha mkate mfukoni, mkate uliotoka jikoni kwa mama yake Honora. Honora akala, na kilima kikafunguka.

Murty alifuta machozi kwa mkono wa shati.

"Sufuria ya mama yangu ya kuokea mkate ipo chini ya ngazi," alisema. "Ile ya chuma. Ilete, binti. Na unga."

Alikanda na kuoka mwenyewe, kwa magadi na mtindi. Akala kipande kimoja, kisha cha pili, na jioni supu. Asubuhi mizani ilisoma kilo 48 na robo. Leo ana 56. Habari ya makao ya wazee haitajwi tena.

Sasa ameomba ofisini kwake robo saa ya ziada ya kusoma katika kila nyumba. Hajajibiwa.

"Wakikataa nitasoma huku naosha miguu," anasema. "Sijui nani mwingine bado yuko njiani."

Mkate umeiva. Dervla anafungua sura ya kumi na tisa. Murty anamega vipande viwili, kimoja anashika, kingine anakiweka juu ya kiti kitupu.

"Hicho cha nani?"

"Cha Honora," anajibu mzee. "Ametoka mbali. Haya, soma."