Swichi Aliyoiwasha Rukiyo

Rukiyo aliendesha kisima miaka sita, katika kituo kimoja kando ya barabara ya kuelekea Liboi. Kazi alifundishwa na mumewe. Mume alipofariki, kampuni iliyosimamia kisima ilimwachia kibanda cha swichi, maana hakukuwa na mwingine aliyezijua tabia za jenereta ya pampu. Mwezi wa kwanza wachungaji walimcheka. Baadaye wakawa wanamwita eeddo, shangazi, na hakuna aliyeruka foleni mbele yake.

Kiangazi cha mwaka jana jenereta ilikufa kwa siku tatu. Ngamia walijaa hadi barabarani, wengine wamelala hawainuki. Siku ya nne Bare, fundi wa kampuni, alifika kutoka Garissa akaanza kubadilisha mkanda wa feni. Jenereta ilikuwa nyuma ya ukuta, na aliye kibandani hakuweza kumwona aliye kwenye mashine. Mara mbili kabla ya hapo Rukiyo alikuwa amemwomba meneja, Korane, kwa kuandika katika daftari la kituo, kufuli ya kufungia swichi wakati fundi yuko kazini. Korane alijibu kwamba italetwa.

Karibu saa tano asubuhi, katikati ya kelele za watu na mifugo, Rukiyo alisikia mtu akisema, "Washa." Akawasha.

Alipouzunguka ukuta alimkuta Bare ameketi mchangani, ameukumbatia mkono wa kulia ulionaswa na mkanda. Rukiyo alivua shali yake akaufunga ule mkono, damu ikapita. Bare hakulia. Alimtazama tu akauliza, "Abaayo, dada yangu, nani alikwambia uwashe?"

Hospitalini Garissa walimkata mkono juu kidogo ya kifundo cha mkono.

Wiki iliyofuata Korane alimwita Rukiyo ofisini akamsogezea karatasi. "Andika jina lako hapa. Ni utaratibu tu, walaal, ndugu yangu." Kiswahili cha karatasi ile kilikuwa kizito, na Rukiyo alikuwa hajalala siku nyingi. Akatia sahihi. Siku tatu baadaye barua ikaja: amekiri kuwasha mashine bila ruhusa, amefutwa kazi, na madai yoyote ya Bare yatamhusu yeye peke yake.

Wazee wa ukoo wa Bare walikwenda kwa kaka zake Rukiyo kudai fidia ya mkono. Kaka mkubwa, Salah, alimuuliza kama kweli aliwasha. Akasema ndiyo. Alifunga mzigo ili avuke mpaka wa Somalia, aende kwa mama yake mdogo, akafika hadi kituo cha magari. Pale akafikiri kwamba Bare ataambiwa amekimbia. Akarudi na mzigo wake kichwani.

Salah alikuwa amepata njia. "Sema sauti ilikuwa ya Bare," alimwambia. "Watu walikuwa mia mbili pale. Nani atabisha?"

Kwa maneno hayo kichwani, Rukiyo aliingia katika ofisi ya msaada wa sheria mjini. Hani, wakili msichana aliyevaa miwani, aliisoma ile barua mara mbili, akamsikiliza aeleze yaliyotokea.

"Mfanyakazi akikosea kazini, mwajiri hawezi kunawa mikono hivi," alisema. "Fundi aliumia akiwa kazini, fidia yake ni juu ya kampuni. Na kufuli uliomba. Lakini wewe pia utaulizwa. Sauti ile ilikuwa ya Bare?"

"Sikujua ni ya nani," alisema Rukiyo. "Ngamia walikuwa wanakufa. Nilitaka iwe ya Bare. Ningeweza kutembea hatua kumi nimtazame. Sikutembea."

"Ukisema hivyo mbele ya afisa wa kazi, utajiumiza."

"Yeye hana mkono."

Akayasema hivyohivyo mbele ya afisa wa kazi, Bare akiwa ameketi upande wa pili na ncha tupu ya mkono wa shati lake imekunjwa na kubanwa kwa pini. Korane alisema hakuwahi kuombwa kufuli. Hani akatoa daftari la kituo. Ombi lilikuwamo mara mbili, kwa mwandiko wa Rukiyo, na chini yake sahihi ya Korane.

Afisa aliamua fidia ya Bare ilipwe na kampuni. Aliandika pia kwamba Rukiyo alikosea, na kampuni ikakataa kumrudisha. Hakuna kisima kingine kilichomtaka. Habari zake zilikuwa zimemtangulia hadi Hagadera.

Siku ile ya uamuzi, nje ya ofisi, Bare alimsubiri. Rukiyo alisimama mbali, hakujua kama asalimie.

"Ungeweza kunisingizia," Bare alisema. "Nilikuja nimejiandaa kwa hilo."

"Nisamehe, walaal."

Bare alijaribu kurekebisha kilemba kwa mkono wa kushoto, kikamshinda, akakiacha. "Bado siwezi," alisema. "Namwomba Mungu aniwezeshe kusamehe. Usiniulize tena, nitakwambia mwenyewe."

Miezi minane imepita. Rukiyo anaishi kwa Salah, nyuma ya soko la mifugo. Bare bado hajamwambia, naye hajauliza.