Njia Tuliyoanikia Mihogo

Mama yangu alipogongwa na pikipiki hapa Kashebere, mguu ulipona lakini moyo haukupona. Kutoka kwetu hadi kanisani ni mwendo wa kumaliza wimbo mmoja tu, na bado aliapa hatatoka tena. Mji wetu umekua. Pikipiki za kwenda Walikale hupita katikati ya nyumba kana kwamba zinafukuzwa, na wanaotembea, na wanaosukuma baiskeli zilizopakiwa ndizi, wote wanagombea ukingo mmoja wa matope. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Kumwona mwanamke aliyelima milima ya Masisi maisha yake yote ameketi mlangoni, anasikiliza ibada kwa mbali, kulinichoma.

Nilimwendea chifu, nikamwomba salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi, itumike kutengeneza njia ya miguu kando ya barabara.

"Mama, miguu iko na njia tangu zamani," alinicheka.

"Basi, Papa, utembee leo kule sokoni tukuone."

Akakubali salongo itumike. Tulichimba mfereji, tukapanga mawe makubwa upande wa pikipiki, tukasawazisha udongo na kuushindilia hadi ukawa mgumu kama sakafu. Nilijisifu siku nzima.

Hapo ndipo tulipokosea. Kwetu, mwanamke akiona mahali pakavu penye jua haoni njia, anaona mahali pa kuanika. Jumapili nilimshika mama mkono, tukatoka na fimbo yake, tukakuta mihogo imetandazwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilinyanyua mguu niipige teke.

"Usikanyage chakula ya batu," mama alisema. Akageuka, akarudi nyumbani.

Nilikwenda kanisani peke yangu, na wakati wa matangazo nikasimama nikawasema wanawake wenzangu mpaka koo likanikauka. Kisha mmoja wao akauliza kwa upole:

"Dada, tutaanika wapi sasa? Weye uko na kiwanja mubele ya nyumba, umepanda maharagi."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Maharagwe yale yalikuwa yameanza kutoa maua, na niliyapenda. Nilikaa kitako, nikakasirika upya, safari hii nikijikasirikia mwenyewe.

Kesho yake niliyang'oa yote, mstari kwa mstari. Wenzangu walikuja na majembe bila kuitwa, tukashindilia uwanja. Kabla ya wiki kwisha mihogo yote ilikuwa kwangu, na ua mzima ulinuka uchachu wake.

Jumapili iliyofuata mama alipita njiani taratibu, ameng'ang'ania mkono wangu hadi kucha zikaniingia. Pikipiki ilipiga honi nyuma yetu. Alisimama, ikapita upande wa pili wa mawe. Kisha akainua fimbo, tukaendelea hadi kanisani.

Jumapili ya tatu nilitoka chumbani nimeshavaa, nikamkuta tayari yuko barabarani na fimbo yake.

"Leo uache mukono yako," aliniambia. "Nikikushika, nitaogopa tena."

Akaenda. Nilimtazama mgongo, nikashika nguzo ya nyumba ili nisimfuate. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kusimama tu.