Nilivyoingia Matangani Ufaransa na Baiskeli

Yakhe, mnanicheka kila Ami Khalfan akipita njia ya Sidab hapa Maskati na baiskeli yake nami najificha nyuma ya gari, basi leo nakwambieni kwa nini, ingawa aibu yenyewe bado inanichoma, na atakayecheka kabla sijamaliza simwambii tena neno.

Mnajua nilipeleka posa kwa Salma. Huyu Khalfan ni ami yake, na kwao hakuna jambo linalopita bila yeye. Kastaafu wizarani, kazi yake sasa baiskeli tu, akasema, "Mtu humjui mpaka usafiri naye. Twende Ufaransa tukapande baiskeli bonde la mto Loire, tukirudi nnatoa jibu." Mie mtu wa maghala ya Rusayl, baiskeli sijaigusa tangu utotoni, nkasema inshallah.

Asubuhi ile hotelini meza imejaa mikate, mayai, jibini, matunda. Ami akaniuliza, "Mbona huli?" Na mnajua, mchumba ada yake haya, huwezi kufakamia chakula mbele ya watu unaowaposea mtoto wao (mama alinisisitizia hilo mpaka uwanja wa ndege). Nkasema, "Nshashiba, ami." Nimekula zabibu tu! Akauliza tena, nkamwapia kuwa nimeshiba.

Tukashika njia ya kando ya mto, wapanda baiskeli wengine njiani wanasifu makasri ya wafalme wa kale, mie kasri sikuliona hata moja, nilikuwa naona nyota. Kufika adhuhuri jasho la baridi linanitoka, Ami yuko nyuma kasimama kupiga picha daraja, nami nawaza, nikianguka hapa posa imeota mbawa. Mara naona geti liko wazi, uani meza ndefu chini ya miti, watu wamekaa, harufu ya mkate wa moto. Alhamdulillahi, harusi! Kwetu Maskati ukipita penye harusi unaingia, unasalimia, unakula, nani atakuuliza umealikwa na nani? Nkaingia na fulana yangu ya manjano na kofia ngumu kichwani, nkaanzia kuliani kama ada, nkawapa mkono mmoja mmoja mpaka wa mwisho, wao wananitazama tu, nkakaa, nkala.

Wallahi nilikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Tumbo lilipotulia ndipo macho yakafunguka: hakuna anayecheka. Wote wamevaa nyeusi. Na bibi niliyekaa ubavuni mwake machozi yanamtiririka, kanishika mkono, ananisemesha Kifaransa (bila shaka akidhani namjua marehemu), na hataki kuniachia. Niondoke, mkono anao yeye. Nikae, Ami anakuja.

Na kweli, kuinua macho, Ami Khalfan huyo, kasimama getini.

Akaja polepole, akaniinamia. "Nani kafa?"

"Sijui, ami."

"Sasa hapa umefuata nini?"

Mdomo umejaa jibini. "Njaa, ami."

Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alivua kofia yake, akaanzia kuliani, akawapa wote mkono wa pole, kwani matangani huondoki hivi hivi, akamwinamia yule bibi huku kaweka mkono kifuani, kisha akanitoa.

Njia nzima yeye mbele, mie nyuma, mpaka dukani tulikokodi baiskeli. Tulipokuwa tukizirudisha ndipo akasema, "Kuingia matanga ya watu si kitu, mtu hukosea. Lakini nimekuuliza, ukaniapia. Njaa haina aibu, mwanangu. Siku ukiwa na jambo zito, Salma utamwambia nini? Kuwa umeshiba?"

Posa yangu ikarudishwa tulipofika Maskati, kwa adabu, na halua juu. Salma kashaposwa na mwengine. Inaniuma, sikufichini, inaniuma mpaka leo. Basi nimekula yamini: nikiwa na njaa nitasema nna njaa, hata anayeniuliza akiwa mkwe, na mama aseme atakavyo.