Jirani Aliyekataa Picha

Binti wa marehemu alifika siku ya pili baada ya maziko. Anaishi upande wa Msumbiji. Alivuka mto Ruvuma kwa mtumbwi hadi Kitaya, akapanda gari, na alipofika mtaani kwetu Likombe mama yake alikuwa ameshazikwa siku ileile aliyofariki.

Marehemu alikuwa jirani yangu tangu nilipohamishiwa Mtwara kufundisha. Alikaanga vitumbua barazani kwake, nami nilikuwa na mazoea ya kutembea na simu nikipiga picha za mtaani. Mara ya kwanza kumwelekezea simu, alijifunika uso kwa kanga.

"Mimi niache, mwalimu. Sura ina mwenye kuiumba. Piga vitumbua."

Mimi ni Mkristo, kwetu kuta zimejaa picha, lakini sikubishana naye. Toka hapo kila mtu nikawa namwomba kwanza. Siku moja alitokea kwa bahati mbaya pembeni ya picha ya mtaa. Nikamwonyesha, nikaifuta mbele yake.

"Nasikia zinabaki kwenye takataka," alisema.

Nikafungua takataka za simu, nikafuta na huko. Akacheka, akaniongezea kitumbua.

Sasa binti yake alikuwa amekaa sebuleni kwangu. Nilishampa pole.

"Mwalimu, wanasema unapiga picha. Ya mama huna hata moja?"

"Sina."

"Hata ya kuibia?"

"Alikataa."

"Najua alikataa. Hata siku ya harusi yangu alikataa."

Nilimpa simu. Akapitisha moja moja: kikaango, vitumbua, baraza, wapita njia walioniruhusu. Nilitegemea alie, au anilaumu. Mwenyewe nilisubiri nisikie huruma, au majuto, chochote. Hakikuja kitu. Tangu msibani nilikuwa hivyo; nilipika, nilisahihisha madaftari, nilimjibu kila aliyenisalimu.

"Ningekuwa nayo ningekupa," nilisema, ingawa sikuwa na hakika.

Akanirudishia simu. "Usingefanya vizuri. Angekasirika."

Akamaliza chai, akauliza gari la Kitaya linaondoka saa ngapi. Nilimsindikiza hadi barabarani. Gari lilipokuja akanishika mkono, akapanda. Nikapita dukani, nikanunua sabuni, nikarudi nyumbani kufua.