Indeksi Yangu na Wakambale wa Walikale

Nasema hii na haya usoni, na musinicheke mbele nimalize. Miaka ile ya vita watu wa Walikale walikuwa wanafika Sake kila siku, kila muntu anatafuta wake, na padri wa parokia akaniomba (mimi fundi wa ordinatere, zile kompyuta, masomo nusu, kiburi kamili) nitengeneze programu ya majina yao. Nikaitengeneza, lakini ilikuwa inatafuta polepole, njo nikaona niongeze indeksi, ile alama inayoonyesha mashini pa kutafuta, sawa mwenye duka anavyojua rafu ya sabuni. Indeksi za kawaida zilikuwepo. Mimi nikataka ya kwangu, jina pamoja na kwao, tena nikaandika: isijirudie. Jina likijirudia, mashini iliache kimya, isinisumbue.

Sasa musikie upumbavu. Kwetu Wanande kijana wa pili wa kila nyumba njo anaitwa Kambale. Na mimi mwenyewe niko Kambale!

Asubuhi ya kuonyesha, salle, ukumbi wa parokia, ikajaa. Mama mumoja, Masika, akasimama: "Kaka, unitafutie bwana yangu, Kambale wa Walikale." Nikabonyeza, ikatoka palepale: Kambale, Walikale, iko Shasha. Mama akalia, wenzake wakapiga vigelegele, mimi nikainama sawa askofu (Mungu anisamehe). Akapanda pikipiki kwenda Shasha na sahani ya sombe, mboga ya majani ya mihogo, ampelekee bwana yake.

Saa kumi akarudi na sombe yake, watu bado wamejaa. "Kaka Kambale, umenipatia bwana ya wenyewe."

Yesu wangu! Nikafungua orodha za karatasi: Wakambale wa Walikale walikuwa kumi na mumoja, mashini ilishika wa kwanza tu. Wa sita njo alikuwa wake, mama alimujua kwa jina la baba yake, na alikuwa analala hapahapa Sake, kwenye shule. Tukakimbia kule. Wakatuambia: "Ametoka saa sita. Alichoka kungoja, akapanda lori kurudi Walikale kutafuta bibi yake, Masika." Kule kwenye masasi ya bunduki!

Hakuna aliyenitukana, afadhali wangenitukana. Mama Masika akaketi chini, akasema: "Basi, uniandike na mimi, akirudi anione."

Nikafuta kwanza ile indeksi, ndipo nikamuandika, maana Masika njo jina la binti wa kwanza kwetu, na Wamasika nao walikuwa wengi.

Bwana yake alifika kisha siku tisa, anachechemea. Hata leo programu itembee sawa konokono, sitazuia tena jina la muntu kujirudia, nauliza kwanza: "Kambale mwana wa nani?"