Viazi Vilivyochemshwa na Mama Mkwe

Nilifungua mfuko mbele ya Kidato cha Pili, mvuke ukanipiga usoni. Mvuke, jamani! Jioni iliyotangulia nilichagua viazi vitamu sita vibichi, vya kuchonga vikombe vya somo la osmosisi. Mama mkwe wangu, ninayekaa naye hapa Ngulyati, alikuwa ameamka kabla yangu akavichemsha vyote, akavifunga kwenye kitambaa vizuri, akavirudisha mfukoni. Kwake yeye, mkwe hapeleki chakula kibichi kwa watoto wa watu. Njiani, mfuko ukiwa begani, nilihisi joto mgongoni nikadhani ni woga wangu.

Na woga nilikuwa nao. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea, na mkuu wa shule alikuwa ameketi nyuma na daftari lake. Somo hilo ndilo lingeamua kama nabaki au nafasi anapewa mwingine. Sikulala vizuri wiki nzima. Nilikuwa naipenda ile kazi mpaka najionea aibu.

Watoto walishanusa viazi. "Mwalimu, tunakula?" Nilitaka kuzama ardhini. Halafu nikakumbuka: asubuhi nilipita kando ya pikipiki ya mkuu, na nyuma kulikuwa na fungu la viazi vitamu vibichi amelinunua barabarani, limefungwa kwa mpira.

"Mkuu," nikasema, sijui ulimi ule niliupata wapi, "naomba kiazi chako kimoja."

Huyu mzee haombwi hata chaki. Akanitazama, akatoka, akarudi na kiazi kimoja, kidogo kuliko vyote. Mchoyo! Nilikipokea kwa mikono miwili.

Nikavimenya viwili, kibichi cha mkuu na kimoja cha mama mkwe. Nikavichimba shimo katikati, nikatia kijiko cha sukari kila kimoja, nikavisimamisha kwenye sahani zenye maji kidogo. Kisha tukasubiri. Niliongea vipindi viwili mfululizo, nikachora seli ubaoni, nikaeleza utando unavyoizunguka na kupitisha maji huku ukiizuia sukari. Kila dakika nilichungulia.

Msichana wa dawati la mbele ndiye aliyepiga kelele kwanza. "Yamepanda!"

Yamepanda kweli! Shimo la kibichi lilikuwa limejaa mpaka juu, linameremeta. La kilichochemshwa lilikuwa na sukari iliyolowana tu, tope. Watoto walipanda juu ya madawati, mimi nikaruka nao, kisu mkononi, mwalimu mzima!

Mkuu akaja mbele. Yeye ni mwalimu wa historia, haamini kitu. "Umetoboa chini."

"Kinyanyue, Mkuu."

Akakinyanyua, akakigeuza upande huu na huu, akapitisha kidole. Hakuna tundu. Maji yakammwagikia kwenye shati na hakujali.

"Na hiki kingine?" akauliza, na sasa alikuwa anauliza kweli, kama mwanafunzi. "Kiazi ni kiazi. Kwa nini hakivuti?"

"Kimekufa, Mkuu. Moto umeziharibu tando zake. Sasa kila kitu kinapita tu, sukari inatoka, maji yanaingia na kutoka, hakuna kinachozuiwa. Kibichi bado kipo hai, kinachagua."

Akasimama na kile kiazi mkononi. Nikawaza, nimemaliza maneno yote niliyo nayo, kama hayatoshi basi. Akafunga daftari. Hakuwa ameandika chochote.

"Kidato cha Pili," akasema, "mwalimu wenu ni huyu. Haondoki."

Nilicheka na kulia papo hapo, kamasi zinatoka, sikuona aibu hata kidogo. Na kilichonitoka mdomoni ni Kisukuma, lugha ambayo mkuu mwenyewe ameipiga marufuku darasani.

"Wabeja!" Asante.

Watoto wakageuka kumtazama, wakingoja adhabu yangu. Mkuu akajifuta maji kifuani, akanijibu kwa Kisukuma.